Madirisha ya Chrome yanabaki wazi baada ya majaribio ya usiku ya Selenium

mjaribu_kilimani

Hamjambo wadau. Naomba msaada kwa jambo linalonisumbua tangu shule zifunguliwe.

Ninajaribu programu za wavuti katika ofisi ndogo hapa Kilimani, upande wa Ngong Road. Mfumo wenyewe ni wa kulipia karo. Mzazi anaingia, anachagua mwanafunzi, analipa kwa M-Pesa, kisha anabofya apate risiti, nayo inafunguka kwenye dirisha la pili. Hiyo risiti ndiyo roho ya mfumo mzima. Mzazi akiikosa, mhasibu wa shule hana cha kutazama, na mtoto anarudishwa nyumbani kwa karo iliyokwisha kulipwa. Ndiyo maana tunazijaribu risiti kila usiku, kwa kila aina ya ada: muhula, chakula, basi, mitihani.

Majaribio haya nimeyarithi kwa mwenzangu aliyehamia kazi nyingine. Ni Python na `unittest` (maktaba yake ya kuandikia majaribio), Selenium 4 (inayoendesha kivinjari badala ya mtu), Chrome ya kawaida juu ya Ubuntu. Kompyuta ina RAM ya GB 8 na si ya majaribio peke yake. Mchana inatumiwa na karani wetu wa hesabu, dada mwangalifu sana, ambaye huacha Chrome yake wazi usiku kucha na tabo zake za benki na za kodi ili asubuhi aendelee alipoachia.

Cron, ile ratiba ya Linux ya kazi za kujiendesha, huanzisha majaribio saa nne usiku. Asubuhi karani akiwasha skrini anakuta madirisha yamerundikana juu ya ya kwake, kila moja na ule utepe wa kusema Chrome inadhibitiwa na programu ya majaribio. Mengi yako kwenye ukurasa wa "Chagua mwanafunzi". Machache yamekwama kwenye ukurasa wa kuingia, kile kiduara cha kusubiri bado kinazunguka. Kompyuta inakuwa nzito mpaka kubadilisha lahajedwali ni shughuli, na anayafunga moja moja kabla ya kuanza kazi. Sipendi kabisa kumwachia mtu mwingine uchafu wa kazi yangu.

Sehemu inayohusika ni hii (`setUp` huitwa kabla ya kila jaribio, `tearDown` baada yake):

```
def setUp(self):
    self.d = webdriver.Chrome()
    self.d.get(ANWANI)
    self.ingia("mzazi_jaribio")

def test_risiti_muhula(self):
    self.lipa("muhula", 12500)
    self.bofya("Pata risiti")
    self.d.switch_to.window(self.d.window_handles[-1])
    self.assertIn("KES 12,500", self.d.page_source)
    self.d.close()

def tearDown(self):
    self.d.close()
```

Na hii ndiyo skripti inayoitwa na cron:

```
cd /home/ofisi/majaribio
DISPLAY=:0 python3 -m unittest &
PID=$!
sleep 7h
kill -9 $PID
```

Ule mstari wa `kill -9`, yaani ua mchakato papo hapo, uliwekwa ili saa kumi na moja alfajiri kila kitu kiwe kimesimama kabla ofisi haijafunguliwa. Zamani majaribio yalikuwa yakimalizika usiku wa manane. Siku hizi mara nyingi hiyo saa kumi na moja inayakuta bado yanajikokota.

Kwenye logi, karibu kila jaribio la risiti lina ujumbe huu:

```
NoSuchWindowException: Message: no such window: target window already closed
```

Na asubuhi `ps`, orodha ya michakato iliyo hai, inanionyesha hivi, tena mara nyingi (PPID ni namba ya mchakato mzazi):

```
  PID   PPID STAT   ELAPSED  CMD
18204      1 Sl    09:12:40  .../chromedriver --port=41873
18211  18204 Sl    09:12:39  /opt/google/chrome/chrome --enable-automation --test-type=webdriver ...
```

Jambo moja la kuongeza: majaribio ya kuingia tu, yasiyogusa risiti, hayaachi dirisha hata moja, na yanatumia `tearDown` hiyohiyo. Hapo ndipo ninapochanganyikiwa. Maswali yangu ni mawili. Kwa nini haya hayafungiki na yale yanafungika? Na nitasafishaje yaliyobaki bila kugusa Chrome ya karani?

---

wa_pangani

Weka `pkill chrome` na `pkill chromedriver` mwisho wa skripti, baada ya ile `kill -9`. Mimi nimefanya hivyo muda mrefu na sina shida.

---

mjaribu_kilimani

Asante ndugu. Lakini `pkill chrome` itaondoka na Chrome ya karani pia, si ndiyo? Kuna siku anaacha fomu ya kodi imejazwa nusu. Hiyo siwezi kumfanyia.

---

fundi_wa_seva

Dada, `pkill` iache kwanza. Hata ingekuwa kompyuta yako peke yako ningekuambia hivyo, kwa sababu ukifagia kila alfajiri hutajua taka zinatoka wapi, na hapa zinatoka sehemu tatu tofauti. Maelezo yako yametosha kuzionyesha zote, hasa ulipotaja ni ukurasa gani dirisha limekwama. Watu wengi huja hapa na "Chrome haifungi" tu na kunyamaza.

Kwanza tuelewane ni nani yuko kazini. Ukiandika `webdriver.Chrome()` unaanzisha programu mbili nje ya Python: chromedriver, na Chrome yenyewe iliyozinduliwa na chromedriver. Msimbo wako unazungumza na draiva, draiva inazungumza na kivinjari. Mpangilio huu ni wa WebDriver, iliyofanywa kiwango rasmi cha W3C (shirika la viwango vya wavuti) mwezi Juni 2018, na kiwango hicho kinatenganisha amri mbili ambazo mwenzako alizichukulia kuwa kitu kimoja. `close()` inafunga dirisha lile ambalo kikao kinalitazama kwa wakati huo, basi. `quit()` inamaliza kikao: madirisha yote yanafungwa, Chrome inazimika, chromedriver inasimamishwa, na folda ya muda iliyoundwa kwa ajili ya kikao inafutwa. Abiria akishuka kwenye matatu, gari bado liko barabarani na injini inanguruma. Ndiyo `close()` hiyo.

Sasa fuata jaribio lako la risiti hatua kwa hatua. Madirisha ni mawili, kuu na risiti. Unahamia kwenye risiti, unathibitisha kiasi, unaita `close()`, risiti inafungwa. Lakini kikao hakirudi chenyewe kwenye dirisha kuu. Kinaendelea kuelekea pale palipokuwa na risiti, ambapo sasa hapana kitu. Kisha `tearDown` inaita `close()` nyingine, draiva inatafuta dirisha la sasa, hailioni, na inakujibu "no such window". Dirisha kuu halijaguswa na mtu. Ndiyo hayo yaliyobaki kwenye "Chagua mwanafunzi".

Na majaribio ya kuingia? Yana dirisha moja. Kiwango kinasema dirisha la mwisho likifungwa, kikao nacho kinakwisha. Kwa hiyo `close()` ilifanya karibu kazi yote ya `quit()` kwa bahati, na bahati hiyo ikaendelea mpaka mtu alipoongeza risiti kwenye dirisha la pili.

Sehemu ya pili ni yale yaliyokwama kwenye ukurasa wa kuingia. Kwenye `unittest`, `setUp` ikianguka, `tearDown` haiitwi kabisa. Wengi hawalijui hili. Chrome imeshafunguka kwenye mstari wa kwanza wa `setUp`, halafu mtandao ukasuasua, kuingia kukashindikana, hitilafu ikarushwa. Hakuna aliyebaki wa kufunga. Ungeweza kuandika `quit()` nzuri namna gani ndani ya `tearDown`, madirisha hayo yangebaki tu.

Dawa ya zote mbili ni moja: amri ya kufunga isajiliwe palepale unapofungua, mstari unaofuata, kabla ya kingine chochote.

```
def setUp(self):
    self.d = webdriver.Chrome()
    self.addCleanup(self.d.quit)
    self.d.set_page_load_timeout(40)
    self.d.get(ANWANI)
    self.ingia("mzazi_jaribio")
```

Kilichosajiliwa kwa `addCleanup` huitwa jaribio likipita, likishindwa, na hata `setUp` yenyewe ikianguka katikati. Ile `tearDown` ya zamani ifute. Na ile `close()` iliyo mwisho wa jaribio la risiti ifute pia, haina kazi tena.

Nimeongeza `set_page_load_timeout` kwa sababu kiwango kinampa ukurasa sekunde 300 za kupakia kabla ya kukata tamaa. Hizo ni dakika tano kwa kila ukurasa uliokwama. Kwa mfumo wa karo, ukurasa usiofunguka ndani ya sekunde 40 umeshashindwa, mzazi hatasubiri zaidi ya hapo.

Ukiwa hapohapo, rekebisha pia `window_handles[-1]`. Mpangilio wa orodha ile haujaahidiwa na mtu. Leo dirisha jipya liko mwisho, kesho huenda lisiwe. Halafu jaribio lako halisubiri dirisha la pili lifunguke. Kompyuta ikiwa nzito, orodha itakuwa na dirisha moja tu, nawe utajikuta unatafuta "KES 12,500" kwenye dirisha kuu.

```
kuu = self.d.current_window_handle
self.bofya("Pata risiti")
WebDriverWait(self.d, 20).until(EC.number_of_windows_to_be(2))
risiti = [w for w in self.d.window_handles if w != kuu][0]
self.d.switch_to.window(risiti)
```

Sehemu ya tatu ni `kill -9`, na hapa naomba usome polepole, kwa sababu ndiyo iliyobadilisha usumbufu wa usiku mmoja kuwa wa kila siku.

Python ikimalizika kwa hiari yake, maktaba ya Selenium hujaribu kusimamisha draiva inapotoka, kwa hiyo hata madirisha uliyoyasahau yana nafasi ya kufungwa. Ishara ya `-9` hainyimi Python nafasi ya kufunga tu, hata kujua kwamba inakufa haijui. Inatoweka. Na ishara hiyo umeituma kwa Python peke yake. Chromedriver haikuambiwa kitu, kwa hiyo yenyewe na Chrome yake wanabaki hai, na Linux inaikabidhi chromedriver kwa mchakato namba 1. Tazama `ps` uliyotuma: chromedriver ina PPID 1. Huyo ni yatima.

Ukiziunganisha unapata duara. Madirisha ya risiti yanarundikana usiku, kila moja likiwa na michakato yake kadhaa maana Chrome haitembei kwa mchakato mmoja. RAM inajaa. Majaribio yanapunguza mwendo, hayamalizi kabla ya saa kumi na moja, yanapigwa `-9`, yanaacha mayatima. Usiku unaofuata unaanza RAM ikiwa imeshaliwa kabla jaribio la kwanza halijaanza. Ndiyo maana zamani yalikuwa yanamaliza na sasa hayamalizi.

Kuhusu kikomo cha muda wa saa saba: kikomo ni kizuri, tatizo ni chombo. Mwachie systemd, msimamizi wa huduma za Linux, yeye huweka mchakato na vizazi vyake vyote kwenye kikundi kimoja, na muda ukiisha anasimamisha kikundi kizima, hata kama mzazi amekufa zamani. Fungua mtumiaji wa pekee anayeitwa `majaribio`, kisha kwenye cron ya root (mtumiaji mkuu wa mfumo) weka hivi:

```
systemd-run --wait --pipe --collect --uid=majaribio \
  --working-directory=/home/majaribio/kazi \
  --property=RuntimeMaxSec=7h python3 -m unittest
```

Usiache `--uid`. Bila hiyo kazi itaendeshwa na root, na Chrome inakataa kuanza chini ya root mpaka uizimie ulinzi wake kwa `--no-sandbox`. Usikubali kufika huko kwenye kompyuta yenye tabo za benki.

Mtumiaji wa pekee anajibu swali lako la pili pia. Ukihitaji kusafisha kwa mkono, `pkill -u majaribio` haiwezi kugusa kitu cha karani. Kwa mayatima waliopo leo, ambao wako chini ya mtumiaji wa ofisi, tumia alama ambayo chromedriver yenyewe huibandika kwenye Chrome inayoizindua:

```
pgrep -af test-type=webdriver
```

Chrome ya karani haina alama hiyo. Itazame orodha kwanza kwa macho yako, ukiridhika ndipo utumie `pkill -f` na maneno hayohayo, halafu `pkill chromedriver`. Angalia na `/tmp`: kikao kilichouawa hakifuti folda yake ya muda, nazo hujaza diski kimyakimya.

La mwisho, na kwangu ndilo zito kuliko madirisha. Hitilafu ikirushwa ndani ya `tearDown`, `unittest` inalihesabu jaribio zima kuwa limeharibika, hata kama mwili wake ulipita. Maana yake majaribio yako ya risiti yamekuwa yakitoa wekundu kila usiku: ERROR risiti ikiwa sahihi, FAIL ikiwa si sahihi. Timu imezoea kuona wekundu pale. Ukimaliza marekebisho, soma matokeo ya risiti kana kwamba unayaona mara ya kwanza.

---

wa_pangani

Hiyo ya `addCleanup` sikuijua, asante fundi. Lakini niulize: kwa nini usifungue Chrome moja kwenye `setUpClass` itumike na majaribio yote? Dirisha moja, `quit()` moja, na unaokoa muda wa kuzindua kila mara.

---

fundi_wa_seva

Muda utaokoa, ni kweli. Kwa tovuti ya habari ningesema sawa. Kwa mfumo ambamo mzazi huyu akiingia hapaswi kuona chochote cha mzazi yule, hapana. Vidakuzi, hifadhi ya kivinjari, mwanafunzi aliyechaguliwa mara ya mwisho, vyote vinahamia jaribio linalofuata. Halafu jaribio la tano linaanguka kwa sababu ya kilichofanywa na la pili, nawe unatafuta kosa mahali lisipokuwepo. Kila jaribio na kivinjari chake kisafi. Sekunde chache za kuzindua Chrome ni bei nafuu.

---

mjaribu_kilimani

Kaka fundi, sijui nikushukuruje. Nimesoma mara mbili na yale "Chagua mwanafunzi" sasa yana maana.

Nina swali kuhusu picha za skrini. Mwisho wa kila jaribio la risiti kuna `save_screenshot`, na mkuu wa timu huzihitaji asubuhi. Zilikuwa ndani ya jaribio lenyewe, kabla ya `close()`, mstari ambao sikuubandika pale juu. Nikizihamishia kwenye `addCleanup`, si `quit()` itatangulia nikose picha?

Na swali dogo: nimeona watu wakisema tumia `--headless=new`, dirisha halitaonekana na tatizo limekwisha.

---

fundi_wa_seva

Vilivyosajiliwa kwa `addCleanup` huitwa kinyumenyume, cha mwisho kusajiliwa kinatangulia. Sajili `quit` kwanza, picha pili:

```
self.addCleanup(self.d.quit)
self.addCleanup(self.piga_picha)
```

Picha itapigwa, kisha kivinjari kitafungwa. Na `piga_picha` ikianguka yenyewe, kwa mfano diski imejaa, `quit` bado itaitwa. Faida nyingine: sasa utapata picha hata ya kuingia kulikoshindikana, kitu ambacho jaribio halikuwahi kukupa kwa sababu halikuwa likifika huko.

Headless itumie, maana mtumiaji `majaribio` hana skrini. Lakini haifungi kitu. Chrome isiyoonekana inakula RAM ileile na inakuwa yatima vilevile, tofauti ni kwamba karani hatakuja kukuambia. Kwa hiyo rekebisha kufunga kwanza, uone kwa macho madirisha yanaondoka, ndipo uyafiche. Ongeza na hesabu mwisho wa logi, `pgrep -c -u majaribio chrome`. Majaribio yakiisha inapaswa kuwa 0.

---

mpishi_wa_kontena

Naongezea kwa wanaoendesha haya ndani ya Docker, yaani kwenye kontena lililotengwa na mfumo mzima, maana dalili zinafanana ila chanzo ni kingine. Kwetu `quit()` ilikuwa mahali pake, Chrome ilikuwa inakufa vizuri, lakini `ps` ikaendelea kuonyesha chrome nyingi zenye STAT ya `Z` na neno `<defunct>`. Hao ni zombi: wamekufa, ila hakuna mzazi aliyepokea taarifa ya kifo chao. Kwenye Linux ya kawaida mchakato namba 1 ni systemd na hufanya kazi hiyo. Ndani ya kontena namba 1 ni amri yako mwenyewe, pengine Python, nayo haijui kupokea mayatima. Zombi hali RAM, ila anashikilia namba ya mchakato, na kontena la siku nyingi linaishiwa namba.

Washa kontena kwa `docker run --init` na yanakwisha. Tena Docker huipa `/dev/shm` (kumbukumbu ya pamoja ya michakato) MB 64 tu, Chrome inaanguka katikati ya ukurasa mzito na wewe unadhani ni jaribio. Weka `--shm-size=2g`.

---

msimbo_mtamu

Walio upande wa Java, wenye zana za majaribio JUnit na TestNG, chungeni: JUnit 5 huita `@AfterEach` hata `@BeforeEach` ikianguka, ila hakikisheni kwanza kwamba draiva si null (tupu). TestNG si hivyo, huruka `@AfterMethod` maandalizi yakishindwa, mpaka uandike `alwaysRun = true`. Na wa pytest ya Python: kwenye fixture (kipande cha maandalizi ya jaribio), kilicho baada ya `yield` hakifikiwi kama hitilafu imetokea kabla yake. Kwa hiyo kabla ya `yield` fungua kivinjari tu. Kuingia kwenye mfumo kuwe kwenye fixture ya pili.

---

mjaribu_kilimani

Wadau, narudi na majibu.

Mayatima niliwaondoa kwa ile alama ya `test-type=webdriver`, karani akiwa ameketi kando yangu anatazama tabo zake. Hakuna hata moja iliyotikisika. `/tmp` ilikuwa na folda za muda nyingi sana. Nimefungua mtumiaji `majaribio`, nimehamisha cron kwenda systemd-run, na `setUp` iko kama ulivyoiandika, kaka fundi, pamoja na picha. Ile `close()` nimeitafuta kwenye faili zote kwa `grep`, ilikuwa imenakiliwa kila penye risiti.

Majaribio sasa yanamaliza kabla ya saa saba usiku na hesabu ya mwisho wa logi ni 0. Nilianza bila headless kama ulivyoshauri, nikayaona madirisha yanafunguka na kuondoka, ndipo nikayaficha. Stima ilipotea usiku mmoja katikati ya kazi. Iliporudi kompyuta ikawaka bila mabaki ya michakato, ila `/tmp` nimeiwekea usafi wa kila wiki kwa folda za `majaribio` tu.

Lile la mwisho uliloniambia ndilo lililoleta jambo kubwa. Nimeyasoma matokeo ya risiti upya. Muhula, chakula na mitihani yote ni kijani. Ya basi inashindwa, na inashindwa kweli: mzazi mwenye watoto wawili akilipia basi la mdogo, kiasi kwenye risiti ni sahihi lakini jina ni la mkubwa. Picha ya skrini inaonyesha wazi. Nimeangalia logi za nyuma, jaribio hilo lilikuwa na FAIL yake muda wote, imefichwa na ERROR za `tearDown` za majaribio mengine ya risiti.

Nimewapelekea waandishi wa mfumo picha pamoja na hatua za kurudia kosa, na mkuu wa timu amekubali toleo la wiki hii lisitoke kabla halijarekebishwa. Mhasibu wetu naye anapitia malipo ya basi ya familia zenye mtoto zaidi ya mmoja, ili shule ziarifiwe kabla hajarudishwa mtu nyumbani.

Wa_pangani, ukitaka nikutumie `setUp` yote pamoja na `piga_picha`, niandikie.